Ningekuwa Mimi, Hasheem Angetua Boston

Oya, sikia hii. Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, saa mbili na madakika asubuhi, nimekaa zangu kijiweni Kibaoni, Ifakara, nasubiri supu ya kongoro ipoe. Mchizi wangu anayesoma udaktari pale Mtakatifu Fransisko akanitumia meseji ya maneno matatu: "Luka kauzwa Lakers." Nikamjibu aache kuamkia gongo, tena siku ya misa. Akanirushia habari yenyewe. Niliisoma mara mbili, nikaweka kijiko chini. Supu iliganda mafuta mbele yangu na sikuigusa tena.

Kijiwe chetu kina watu kama kumi na tano, wote Simba na Yanga. Wa kikapu tuko watatu, na mmoja kati yetu anafuatilia kwa ajili ya mkeka wa kubeti tu. Kwa hiyo nilipopiga ukelele, swali la kwanza nililopokea lilikuwa, "Huyo Luka ni winga?" Ikabidi nianze na moja. Luka Dončić, mwamba wa miaka 25, mwaka jana yake tu kawafikisha Dallas fainali, leo usiku wa manane wa kwao kapelekwa Los Angeles bila hata kuulizwa, na Anthony Davis kaja upande wa pili. Hakuna mtu aliyelipa ada ya uhamisho. Mtu kwa mtu, mshahara kwa mshahara.

"Sasa hawa Utah wanatafuta nini humu ndani?" akauliza dereva boda mmoja aliyekuwa anasoma simu yangu kwa juu ya bega. Swali la maana kuliko yote siku ile. Kweli, dili lilikuwa la Dallas na Lakers, lakini katikati amekaa Utah Jazz, hana Luka, hana Davis, kaondoka na dogo mmoja wa benchi, Jalen Hood-Schifino, na machaguo mawili ya raundi ya pili, yaani zamu za kuchagua vijana wapya kwenye drafti.

Mwingine akadakia, "Huyo dalali."

Siyo dalali, wanangu. Dalali hana mzigo wala ghala, ana mdomo tu. Utah alikuwa na mabega. NBA kila timu ina dari la mishahara, na ukishalifikia hesabu zinakubana: unachopokea lazima kilingane lingane na unachotoa. Mkiwa wawili mnapishana kidogo tu, dili linakufa. Akija wa tatu mwenye mabega ya kubeba mshahara uliozidi, mambo yananyooka, na yeye anapewa chake cha asante.

Sikueleweka mpaka nilipowaletea habari ya pumba.

Huku bondeni neno mpunga lina maana mbili na zote zinatembea pamoja. Kitaa chochote Bongo ukisema jamaa ana mpunga, ana hela. Ifakara ukisema hivyo unaulizwa gunia ngapi. Sasa mjomba wangu ana shamba upande wa Mngeta, analima mpunga wa Saro, na msimu mmoja alikuwa na mpunga wa kutosha ila hana keshi, na anataka tofali za kuchoma aanze nyumba. Mfyatua tofali hataki mpunga, wa kwake anao. Anachotafuta kama roho ni pumba, kwa sababu huku tanuru la tofali linachomwa kwa pumba za mpunga, na msimu wa kuchoma ukifika zinagombaniwa. Mwenye pumba ni mwenye mashine ya kukoboa, ana kilima kizima nyuma ya banda, kuku wanapanda na kushuka. Na mwenye mashine naye ana kilio chake: mashine mpya imefunguliwa jirani, wateja wanamkimbia.

Mjomba akakaa nao chini ya mwembe. Mpunga wangu wote nakoboa kwako, akamwambia wa mashine, na ndugu zangu nawaleta, ila pumba anabeba huyu. Huyu naye tofali ananipa mimi. Wakapeana mikono. Hakuna aliyetoa jero mfukoni. Ukiwachukua wawili wawili hapo, hakuna dili: mjomba na mfyatua tofali hawana la kuambiana, mfyatua tofali hana cha kumpa wa mashine. Ukiwaweka watatu mduara unafunga. Na kilichoufunga siyo mpunga, ni pumba. Kile ambacho mmoja anakiona uchafu nyuma ya banda.

"Kwa hiyo Hood-nani huyo ndiye pumba," akasema boda. Nikamwambia taratibu kaka, na yeye ana mama yake. Lakini kashaelewa.

Na hapo ndipo nikawafungulia kidonda changu, kile nilichokaa nacho tangu niko darasa la sita. Kwa sababu na sisi tulishawahi kuwa na mtu wetu kwenye mduara wa hivyo, na mimi mpaka leo naamini walimpeleka kwa mtu asiye sahihi.

Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar, mita 2.21, kichwa kinaingia chumbani kabla ya mlango kufunguliwa. Kikapu alikianza amechelewa, ana miaka kumi na tano hivi, akaenda Marekani, akawaka chuo cha Connecticut kwa kuzuia mipira. Tarehe 25 Juni 2009 kwenye drafti, siyo ile ya vizibo vya soda pale kwa kinyozi, Memphis Grizzlies wakamchukua namba mbili. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Kaka yangu alikuwa na picha yake ya gazeti ukutani geto, imebandikwa kwa ugali kwa sababu gundi hatukuwa nayo, na panya wakala kona ya chini yote kwa ajili ya ule ugali. Hasheem akabaki bila miguu.

Baadaye nikakua nikajua namba tatu alikuwa James Harden na namba saba Stephen Curry. Wabongo wengi hawapendi kuikumbuka hii. Ila si kosa la mtu kuchaguliwa namba mbili, hakujichagua.

Memphis ilikuwa shule mbaya kwake. Siyo timu mbovu, shule mbaya. Pale katikati tayari kuna Marc Gasol anachanua, pembeni yake Zach Randolph anakula kila mpira unaodondoka. Dogo anayejifunza anahitaji dakika za kukosea, na pale dakika hizo hazipo. Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, Dakota Wizards, kule Bismarck kwenye theluji. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa hivyo kabla. Hebu waza, umetoka joto la Dar, unakuta barafu mpaka kwenye nyusi.

Ikafika tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya tredi. Dirisha linafungwa saa tisa alasiri ya New York, kwetu saa tano usiku. Memphis wana shida ya moto: Rudy Gay kaumia bega siku chache nyuma, wanataka mtu mzima wa pembeni anayejua kukaba. Houston Rockets wanaye, Shane Battier, ambaye mkataba wake unaisha kiangazi. Basi Hasheem, DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza wakaenda Houston, Battier na Ish Smith wakaenda Memphis. Siku ileile Memphis hao hao walikuwa wanampeleka O.J. Mayo Indiana, karatasi zikachelewa, dirisha likafungwa, Mayo akabaki. Kama umewahi kufika dirishani benki saa kumi na dakika moja unaelewa.

Na siku ileile pia, Boston Celtics wakafanya tredi iliyowaliza mashabiki wao mpaka leo: wakamtoa Kendrick Perkins, beki nguzo wa kati, pamoja na Nate Robinson, wakampelekea Oklahoma City Thunder. Wakapokea Jeff Green, Nenad Krstić na chaguo la raundi ya kwanza lililokuwa la Clippers.

Tredi mbili, siku moja, timu nne, kila wawili kivyao. Mimi nikiwa na kalamu naziunganisha ziwe moja, na nahamisha watu wawili tu. Tulieni niwachoree.

Memphis hawaguswi. Wanapata Battier wao na Smith wao, wanatoa walewale. Oklahoma nao hawaguswi, Perkins kaja, Robinson kaja, Green na Krstić wametoka, chaguo limetoka. Kinachobadilika ni mahali pa kushukia. Krstić anashukia Houston. Hasheem anashukia Boston. Basi.

Sababu ya Houston ni rahisi kama kunywa togwa. Yao Ming, jitu la Kichina la mita 2.29, mguu umekufa, msimu ule kacheza mechi tano tu na Julai akatundika raba. Pale kati Houston wanamchezesha Chuck Hayes, roho ya simba lakini mwili wa mita 1.98, kila usiku anakaba watu wanaomwona utosi. Hawa wanataka senta aliyeiva leo, awe na mkono wa kufunga. Krstić ndiye huyo. Walichopewa badala yake ni mwanafunzi, na hawakuwa na mwalimu. Hasheem kwa Houston hakufikisha hata mechi kumi, wakawa wanamtuma tena ligi ya chini, Texas kusini huko.

Sasa Boston. Hapa ndipo mchizi wangu wa udaktari anapinga kila mara. Anasema Boston walikuwa wanausaka ubingwa muda uleule, wasingekubali kulea mtoto. Kweli. Lakini angalia nani alikuwa kambini. Shaquille O'Neal, karibu miaka 39, majeraha, miezi michache mbele akastaafu. Jermaine O'Neal, magoti ya mkopo. Kevin Garnett. Wazee watatu wanaojua kila ujanja wa chini ya ringi, na miili imeanza kugoma. Kwa timu ni balaa. Kwa dogo wa mita 2.21 asiyejua aweke wapi mguu wa nyuma, hiyo ni madrasa. Garnett angemtukana asubuhi, angemtukana mchana, na jioni angekaa naye kumwonyesha. Huo ndio ulikuwa umaarufu wake, mtu wa kumaindi kila kitu mpaka namna unavyokaa benchi.

Na Krstić mwenyewe Boston walikaa naye miezi mingapi? Msimu ulipoisha akasepa zake Moscow kuchezea CSKA. Waliokuja nyuma yake pale kati ni Garnett mwenyewe kusogezwa ndani na Greg Stiemsma, mtu ambaye drafti nzima hakuna timu iliyomtaja. Nafasi ilikuwepo, wanangu. Kiti kilikuwa wazi na mtu wetu alikuwa amekaa Houston anakunja jezi.

Hesabu za mishahara nazo haziharibiki. Kanuni ya miaka ile ilikuruhusu kupokea hadi robo zaidi ya unachotoa na dola 100,000 juu yake. Hasheem na Krstić mishahara yao haikupishana kwa kutisha, kwa hiyo ukiwabadilishana vituo Boston hawazidi na Houston hawazidi. Nimeipiga hii hesabu nyuma ya daftari la mikopo ya duka la mama, mpaka mama akauliza huyu Perkins anadaiwa kilo ngapi za mchele.

Kwa Memphis dili lilijibu haraka mno, tuseme ukweli hata kama unauma. Tarehe 17 Aprili 2011, mechi ya kwanza ya mtoano, wako San Antonio, wao ni wa nane na Spurs ni wa kwanza. Zimebaki sekunde ishirini na kitu, Battier anapiga ya pointi tatu, wanashinda 101 kwa 98. Ushindi wa kwanza wa mtoano tangu klabu izaliwe. Mkono wa mtu aliyekuja kwa ajili ya Hasheem. Wakawatoa Spurs mechi nne kwa mbili, halafu wakakutana na nani? Oklahoma ya Perkins. Tredi mbili za siku moja zikaangaliana uso kwa uso mpaka mechi ya saba, Oklahoma wakapita. Boston wakapigwa na Miami, nne kwa moja. Houston hata mtoano hawakuwepo.

Kwa hiyo hata kwenye ramani yangu Memphis na Oklahoma wanapata kilekile. Houston na Boston ndio wananufaika, na Hasheem. Ndiyo raha ya tredi ya timu nyingi: huhitaji kumwibia mtu. Kila mtu kashika pumba zake anafikiri ni uchafu.

Jamaa wa mkeka akasema, "Lakini mwana, yeye mwenyewe alishindwa." Siwezi kubisha moja kwa moja, na sitaki kujitia wakili. Machi 2012 Houston wakampeleka Portland, yeye na Jonny Flynn aliyekuwa namba sita wa drafti ileile, na chaguo la raundi ya pili, vyote hivyo kwa Marcus Camby mwenye miaka 37. Camby naye alikuwa namba mbili wa mwaka wake, 1996. Namba mbili kijana kabadilishwa na namba mbili mzee, na bado kijana akaongezewa vitu ili uzito ukae sawa. Kiangazi kile akasaini Oklahoma, akakaa misimu miwili, na anayempisha pale kati alikuwa Perkins. Dunia ina utani. Agosti 2014 wakampeleka Philadelphia, zikapita siku chache wakamwachia. Baada ya hapo Japani, Taiwan, akizunguka na mpira wake.

Nimesema mimi namhamisha kwa kalamu. Lakini yeye alihamishwa na begi. Hili sikulifikiria kabisa mpaka tulipofanya tredi yetu wenyewe, hapahapa Ifakara.

Maana Bongo tredi haipo. Kwenye ligi ya kikapu ya Dar, kwa kina JKT, Savio, Pazi, Vijana na UDSM Outsiders, mchezaji anahama kwa miguu yake, mkataba ukiisha anaongea na anayemtaka. Hakuna meneja anayekuamsha akwambie kuanzia leo wewe ni wa Mwanza. Sisi tukajifanya wajanja. Kitaa chetu tuna warefu wawili na hakuna anayejua kukokota mpira. Viwanja Sitini wamejaa wakokotaji, wafupi wote kama viroba. Mlabani wana ringi, ya nondo, fundi wa mageti aliichomelea bure, imepinda kidogo kulia na wenyeji wanajua kuitumia. Wanachuo wana mpira wa maana, wenye manyoya bado, ila mitihani ikianza hawaonekani. Timu nne. Mduara upo kabisa.

Tukakaa siku mbili. Mrefu wetu mmoja aende Viwanja Sitini, wao watupe mkokotaji, Mlabani watupe Jumamosi mbili za ringi, wanachuo watoe mpira na wapewe nafasi ya kucheza bila kuchangia maji. Kila mtu kafurahi. Aliyekuwa hajaulizwa ni mrefu mwenyewe, mtoto wa mvuvi, mpole, asubuhi anauza perege sokoni na baba yake. Tukamfuata palepale, mikono imejaa magamba.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mmenipima kwa debe au kwa gunia?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kukwangua samaki, magamba yanaruka mpaka kwenye sendozi zetu, kimya kikawa kirefu mpaka baba yake akainua kichwa. Halafu akasema sawa, naenda, lakini naenda na raba.

Hapo ndipo dili likataka kufa. Raba anazovaa ni namba 46, na Ifakara nzima namba hiyo ya mtumba inapita labda mara moja kwa mwaka. Tulichanga sisi, buku buku, mpaka zikapatikana, na soli ya kushoto imeshonwa na fundi mara tatu kwa uzi wa nyavu. Raba ni za timu. Mrefu wetu wa pili anavaa hizohizo kwa zamu, wakibadilishana katikati ya mechi, mmoja anatoka anavua, mwingine anaingia zikiwa za moto. Tukimpa huyu raba, tumebaki na mrefu pekupeku. Tukimnyima, haendi. Meneja wa Viwanja Sitini, yaani kinyozi wao, akasema bila raba mkokotaji harudi nyuma wala mbele. Jua lilikuwa linazama upande wa Udzungwa na tulikuwa tumekubaliana mwisho wa tredi ni magharibi. Nikamkumbuka O.J. Mayo na karatasi zake.

Tukaandika mkataba nyuma ya pakiti ya chumvi: raba ni za mkopo, mechi tatu, zirudi zimeoshwa.

Jumamosi ya kwanza tukakutana nao Mlabani, kwenye ringi iliyopinda, mpira wa wanachuo. Mkokotaji wetu mpya ni moto kwelikweli, anapita watu kama maji ya Lumemo, akifika mbele anarusha pasi kwa mrefu wetu aliyebaki, na mrefu wetu aliyebaki yuko pekupeku anateleza. Upande wa pili mtoto wa mvuvi kasimama chini ya ringi na raba zetu, anaokota kila kitu. Akiruka naiona soli ya kushoto, uzi wangu wa bluu, nilionunua mimi.

Tulipigwa 41 kwa 30. Raba hazijarudi mpaka leo, na wanasema kwenye pakiti ya chumvi hakuna sahihi.